Mkasi Ule Ule: Pepopunda ya Anko na Botox ya Westlands

Ilianza na githeri.

Anko wangu ni welda pale Light Industries, Kariobangi, na tangu nimjue hajawahi kukataa chakula. Jumapili hiyo alikuwa kwetu Kayole, amekaa kwa kile kiti anachokaa kila mara, sahani mapajani. Anatafuna kidogo, anasimama. Anashika shavu, anajaribu tena. Mathe akamuuliza kama ni jino. Akasema labda, taya inakaza. Tukamchemshia uji, na mathe akamwambia kesho asubuhi aende aking'oe hicho kitu asitusumbue.

Kesho asubuhi shingo ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyelala vibaya, na usoni alikuwa na tabasamu. Hiyo ndiyo sehemu sitawahi kusahau. Anatuambia ana uchungu, sauti inatoka kwa meno yaliyofungana, na mdomo umevutwa pande zote mbili kama anacheka. Mathe akamuuliza, "Unacheka nini sasa?" Shosho wa mlango wa pili akachungulia akasema huyu amerushiwa kitu. Kabla dakika kumi ziishe kulikuwa na mtu tayari anatafuta namba ya pasta.

Mimi nilikuwa naangalia mguu wake wa kulia.

Siku tisa kabla alikuwa amekanyaga kipande cha chuma hapo kazini, kando ya mtaro, kikapenya akala mpaka ndani ya nyama. Alifanya venye mafundi wote hufanya: akakichomoa, akamwagia mafuta ya taa, akafunga kitambaa, akamaliza geti ya mteja. Jioni ilipovimba akaenda kliniki moja ya mtaani, jina naliacha. Wakapanguza juu, wakampa dawa za maumivu, akalipa, akaenda. Hakuna mtu alimuuliza mara ya mwisho alidungwa sindano ya pepopunda ni lini. Na tuseme ukweli, hata wangemuuliza hangejua.

Nikasema, "Hii ni pepopunda. Twende hospitali saa hii, si kesho." Mathe akaniangalia na ile macho ya "wewe ulijuaje na uliacha shule?"

Ni swali la haki. Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma baiokemia, karo ikashinda nguvu, na siku moja jina langu halikuwa kwa orodha ya mtihani. Story hiyo sina haja ya kuirudia. Nimeileta ju somo la mwisho nililokaa darasani lilikuwa la jinsi seli inavyosafirisha mizigo yake ndani kwa ndani. Nina kurasa nne za daftari, mwandiko mbaya, mchoro mmoja wa zipu. Kwa miaka miwili nilidhani hizo kurasa ni takataka ghali zaidi nimewahi kununua. Kumbe ndani yake kulikuwa na Anko.

Ngoja niwaeleze, na mnivumilie, ni tamu.

Shuleni walituchorea seli kama yai la kukaanga: kiini katikati, majimaji kando. Hiyo ni uongo wa heshima. Ndani ya seli ni Nairobi saa kumi na moja jioni. Vitu vinatengenezwa upande huu na vinahitajika upande ule. Havitupwi tu kwa majimaji viogelee vikitafuta njia. Vinapakiwa kwa vifuko vidogo sana vyenye ukuta wa mafuta, vinaitwa vesikeli. Insulini inayotoka kwa kongosho husafiri hivyo. Ujumbe unaotoka neva moja kwenda nyingine husafiri hivyo pia.

Sasa kifuko kinajuaje pa kwenda? Kuna protini zinaitwa Rab, zaidi ya aina 60 kwa binadamu, na kila aina ina eneo lake. Ukuta wa kifuko unabandikwa Rab yake, na upande wa pili kuna protini zinazoitambua na kuivuta karibu. Ni kama namba ya ruti. Ukiona 58 unajua ni Buru, ukiona 19/60 unajua inakuja kwetu. Hakuna mtu anauliza.

Kufika ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kushusha mzigo. Kifuko kina ukuta wa mafuta, na utando wa seli nao ni ukuta wa mafuta, na kuta mbili za aina hiyo hazipendi kuunganishwa. Zikikaribiana zinasukumana. Lazima zilazimishwe, na wanaozilazimisha ni protini zinazoitwa SNARE. Kwa neva ziko tatu. Sinaptobrevini imesimama juu ya kifuko. Sintaksini na SNAP-25 ziko upande wa utando wa seli. Zikikutana zinaanza kujisokota pamoja, nyuzi nne kwa jumla kwa sababu SNAP-25 inaleta mbili, na zinajifunga kuanzia ncha ya mbali kuja ndani kama zipu ya jaketi. Kila hatua ya zipu inavuta kuta mbili karibu zaidi mpaka zinayeyukiana zinakuwa ukuta mmoja, na kilichokuwa ndani ya kifuko kinamwagika nje. (Hapo mfano wa mathree unaishia, ju sijawahi kuona mathree ikiyeyuka ikawa sehemu ya steji. Ingawa kuna dere mmoja wa Jogoo Road anakaribia.)

Kwa neva hii kitu ina haraka ya ajabu. Vifuko vinakaa ukingoni, zipu imefungwa nusu, vikingoja kalsiamu iingie. Kalsiamu ikiingia, mzigo unamwagwa kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Baadaye protini nyingine, NSF, inatumia nguvu kufungua zipu ili vipande vitumike tena. Waliofungua hiyo siri ni watu watatu: Randy Schekman aliyeanzia kwa hamira, ndiyo, ukoo ule ule wa hamira ya mandazi, James Rothman aliyezipata SNARE na kueleza zinavyopatana, na Thomas Südhof aliyeonyesha venye kalsiamu inatoa amri. Walipewa Nobel mwaka 2013.

Sasa rudi kwa mguu wa Anko.

Watu husema kutu ndiyo inaleta pepopunda. Kutu haina makosa. Mwenye makosa ni bakteria anayeitwa Clostridium tetani, ambaye mbegu zake zinalala kwa udongo na kwa mavi ya wanyama, miaka na miaka, bila njaa wala haraka. Hiyo mitaro yetu ambayo mbuzi hushinda hapo wakila maganda ya ndizi, na punda wa mkokoteni wa maji hupita hapo, ni kitanda chao. Hewa safi inawazuia kuamka. Lakini shimo la msumari ni jembamba, ni refu, linafungika juu na halina hewa ndani. Hapo wanaamka. Kupanguza juu peke yake ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Bakteria mwenyewe habanduki hapo kwa kidonda. Anatoa sumu, na sumu ndiyo inasafiri. Inakadiriwa nanogramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili zinatosha kuua. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni nanogramu 175, kitu ambacho hata ukiwekewa kwa kiganja huwezi kukiona.

Na inasafiri vipi? Hapa ndipo nililala na daftari kifuani usiku huo, nikaamka, nikasoma tena. Inapanda vifuko vyetu wenyewe. Inajishika kwa mwisho wa neva kule kwa misuli, neva inaimeza ndani ya kifuko, kifuko kinapata Rab5, kisha Rab7, na kinavutwa juu kwa juu kuelekea uti wa mgongo. Ruti halali kabisa. Nauli imelipwa. Nyingine inaenda na damu mpaka kwa neva za sehemu zingine za mwili, na kwa kuwa neva za uso ni fupi, huko ndiko inafika kwanza. Ndiyo maana umeumia mguu lakini kinachofungika ni taya. Ndiyo maana mathe alifikiria jino.

Ikifika kwa uti wa mgongo inavuka na kuingia neva nyingine, na si neva yoyote tu. Inaingia zile za breki. Misuli yako kila saa inaambiwa vuta, na kando kuna neva zinazosema tulia, inatosha. Neno "tulia" ni kemikali mbili, glisini na GABA, na zinasafirishwa kwa vifuko, na vifuko vinafunguliwa na zipu ile ya SNARE. Sumu ya pepopunda ni mkasi. Inatoka kwa kifuko kilichoibeba, inatafuta sinaptobrevini, na inaikata mahali pamoja tu, kati ya kiungo cha 76 na cha 77. Haihitaji kuharibu kitu kingine. Vifuko vimejaa, viko ukingoni, kalsiamu inaingia, na hakuna kinachofunguka. Neno "tulia" halitoki. Misuli inavuta, inavuta, inavuta.

Mwaka 1992 ndipo Giampietro Schiavo na Cesare Montecucco na wenzao, kule Padova, Italia, walionyesha kwamba ni kukata huku tu. Binadamu wamekufa na huu ugonjwa tangu zama za kale, na mkasi wenyewe umejulikana juzi.

Tulifika hospitali kubwa saa nane mchana. Daktari alimwangalia Anko usoni, akaangalia mguu, hakuuliza maswali mengi. Wakafungua kidonda wakakisafisha mpaka ndani, wakamdunga kinga ya kuikamata sumu, wakamwekea dawa ya kuua bakteria na nyingine ya kulegeza misuli. Nikamuuliza daktari, nikijifanya mjuaji, hiyo kinga itatoa sumu iliyoingia tayari? Akaniangalia vizuri mara ya kwanza. Akasema hapana, inakamata ile bado iko nje. Iliyoingia ndani ya neva imeingia. Tunangoja neva ijijenge upya.

Tulingoja wiki tano.

Mgonjwa wa pepopunda anahitaji giza na kimya, kwa sababu bila breki kila kitu ni amri ya kuvuta. Mlango ukigongwa, mwili unajikunja nyuma kama upinde. Mtu akimgusa bila kumwambia, hivyo hivyo. Na akili iko timamu muda wote, anajua kila kitu. Sasa tafuta kimya Nairobi. Anko alizoea kelele ya grainda siku nzima, na kwake chumba kinaangalia steji yenye makanga wanaita abiria tangu saa kumi na moja alfajiri. Wodini wakamhamisha kona ya mwisho, wakaziba dirisha na shuka, na nesi mmoja akawa anavua viatu akija upande wetu.

Siku ya nne familia ikaamua tufanye mchango, na ju mimi ndiye wa video, nikaambiwa nirekodi kidogo, watu waone ni kweli. Niliinua simu. Taa yake ikawaka. Sikuwa nimeizima.

Alijikunja sekunde kama ishirini. Ukiwa hapo si sekunde, ni saa. Ile video ninayo bado, inaonyesha dari na miguu ya nesi akikimbia. Sijawahi kuiweka popote na sitaiweka. Anko baadaye aliniambia aliona taa, akajua ni mimi, na alikuwa anajaribu kuniambia niizime.

Sasa Botox.

Kitambo kabla ya haya yote nilikuwa nimetengeneza video ya masihara kuhusu bei za kujitoa mikunjo huko Westlands na Kilimani. Mlicheka, nami nilicheka. Nikiwa kwa kiti cha wodi nikisoma kurasa zangu nne, chini kabisa nikakuta mstari nilioandika bila kuuelewa: "botulini = ndugu." Sumu iliyo ndani ya Botox inatoka kwa bakteria wa ukoo mmoja na huyu wetu, Clostridium botulinum. Nayo ni mkasi wa kukata SNARE. Ile ya Botox, aina ya A, inakata SNAP-25. Aina ya B inakata sinaptobrevini, na inaikata kati ya 76 na 77, pale pale pepopunda inakata. Mkasi mmoja. Tofauti ni wapi unashukia. Botulini haipandi mpaka kwa uti wa mgongo kama ile nyingine. Inabaki pale neva inapogusa misuli na kuzuia neno "vuta", kwa hivyo misuli inalegea, na paji la uso linanyooka kwa miezi mitatu, minne. Marekani waliiruhusu mwaka 1989 kwa matatizo ya macho, ya urembo wa uso ikaja 2002, na leo inasaidia hata watu wa kipandauso na wale misuli imekakamaa baada ya kiharusi.

Sichukii mtu wa Botox. Uso ni wako na doo ni yako. Lakini manze, ilinikaa vibaya. Ujuzi ule ule, protini zile zile, upande mmoja wa jiji watu wanapanga foleni kudungwa kwa kipimo na glavu, upande wa pili fundi anadungwa bure na mtaro.

Na kitu kilichoniudhi zaidi si hicho. Pepopunda ina chanjo, ya zamani kuliko shosho wangu, na inafanya kazi. Mtoto Kenya anadungwa akiwa wiki 6, 10 na 14. WHO inashauri sindano sita kwa jumla mpaka ujana, kwa sababu kinga hupungua. Mwanamke akipata mimba anadungwa tena kliniki. Mwanaume je? Wengi wetu, baada ya wiki ya 14, ni mpaka uumie na ukutane na mtu atakayekumbuka kukuuliza. Mashirika ya afya yaliona kesi kadhaa za pepopunda kwa wanaume waliopashwa tohara, zikiwemo za Uganda, na hao walikuwa watu wazima waliokuja kliniki na miguu yao.

Mwaka 2014 nchi nzima iliongea kuhusu chanjo ya pepopunda. Maaskofu Wakatoliki walipinga kampeni iliyolenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakidai ina homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakibishana kwa ngazi za ploti. Sikumbuki hata mmoja akiuliza mbona wanaume hawako kwa hiyo kampeni. Baadaye, kabla ya Korona, Kenya ikathibitishwa kumaliza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga, na hiyo ni kazi kubwa ya kupongezwa. Ila hesabu hiyo ni ya watoto wachanga. Anko hakuwa ndani yake. Na huu si ugonjwa wa kuambukizana, kwa hivyo chanjo ya jirani yako haikukingi wewe hata kidogo. Mbegu ziko kwa udongo, zinakungoja wewe binafsi.

Anko alitoka hospitali amepungua mpaka suruali inashikwa na kamba. Aliporudi Light wateja wawili walikuwa wameenda kwa fundi mwingine. Nikamwambia bado kuna kitu kimoja, lazima adungwe chanjo. Akaniambia, "Wewe, si nishaugua? Mwili si umeizoea?" Nikamweleza hapana, sumu iliyokaribia kumuua ilikuwa kidogo sana hata mwili haukupata nafasi ya kuijua sura. Akikanyaga chuma kingine, anaanza upya. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hiyo ndiyo ulikuwa unasomea?" Nikasema eeh, hiyo nusu yake. Akatikisa kichwa, sijui kwa nini hasa, na sikuuliza.

Tulienda pamoja Alhamisi. Kwa foleni kulikuwa na akina mama kumi na wajawazito, na sisi wawili tumekaa mwisho kama watu waliopotea. Sista akauliza nani anadungwa. Tukainua mikono wote. Alitucheka, akatudunga, akasema ya pili ni baada ya wiki nne. Anko ameandika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango wa chuma wa kibanda chake, chini ya majina ya wateja wenye deni.